Maji ya Kulinganishia

Siku fundi betri aliponyweshwa asidi yake, Bi Mwanaharusi alipiga vigelegele pamoja na mtaa mzima. "Sheria msumeno!" alipaza sauti. Anayechafua maji hunyweshwa hadharani kile alichokimwaga, na anayemshikia kikombe ni yule aliyegundua uchafu. Fundi alitapika damu, akafa akiikwaruza lami kwa kucha.

Basi Zamda, bintiye Bi Mwanaharusi, alipotaka kupima maji kwa ajili ya maonyesho ya sayansi shuleni, mama alimsaidia kwa moyo mkunjufu.

"Chota ya mtoni, chota na ya bomba la sokoni," alimwelekeza. "Halafu chukua maji safi ya kulinganishia."

"Nitayatoa wapi, mama?"

"Si kisimani kwetu hapo? Yapi safi kuliko yetu?"

Zamda akaondoka na chupa zake. Bi Mwanaharusi akarudi uani kwenye batiki zake, akamwaga shimoni kama kila siku, hatua chache kutoka kisimani, ile kostiki ya kukolezea rangi, inayokula ngozi hata kwenye glavu.

Mchana akasikia vigelegele barabarani. Zamda aliingia mbele ya umati, mkononi ana karatasi ya kupimia iliyogeuka buluu kwa maji ya kisima chao. Wanaume wawili wakampita mbio, wakamkamata mama mikono na kumpigisha magoti. Jirani akainama shimoni kuchota.

"Nimewaomba sana, mama," Zamda alisema. "Wamekubali kikombe kidogo."