Mshono Usiofumuka

Mgonjwa alifunua shati la hospitali, na Mama Mapazia akautambua mshono wake mwenyewe.

Ulikuwa umejichapa kwenye ngozi. Alama nene ya mkanda wa gari, nyeusi kama bilinganya, ilishuka kutoka begani hadi kiunoni, na juu ya kifua ilikatizwa na mistari ya zigizagi, imepangika sawasawa kama ilivyotoka kwenye cherehani.

"Hii ni nini, mama?"

"Ni uzi wa mapazia, mwanangu. Ule mzito. Mkanda ulianza kuchanika, nikaukunja mara tatu, nikaushona. Sikujua utakuja kuumiza mtu."

Daktari alikwisha kueleza. Mkanda mzima hunyumbuka kidogo gari linapogonga. Huu ulikaza kama ubao, na mfupa wa mtulinga ukavunjika pale pale penye mshono.

"Kwa hiyo haukufumuka?" Mama Mapazia aliuliza.

"Haukufumuka hata kidogo," mgonjwa alijibu.

Akatabasamu, kisha akajionea haya, akaanza kumimina supu kwenye kifuniko cha chupa.

Mkono wa kulia wa mgonjwa ulikuwa umefungwa bendeji na wa kushoto ulikuwa chini ya shuka, kwa hiyo alimlisha kwa kijiko. Kila alipomeza, mgonjwa alikumbuka kasoro nyingine.

"Kiti nacho hakirudi nyuma. Magoti yangu yaligusa kidevu. Na mafuta, mama! Taa nyekundu inawaka tangu natoka getini."

"Nisamehe. Nilipanga kujaza kesho yake."

"Ningejua, ningechukua gari lingine."

Askari aliyekuwa ameketi kando ya kitanda alikohoa, akageukia dirishani.

Nyumbani, mumewe, fundi bomba mstaafu, alimwona anaosha chupa ya supu, akajua alikotoka.

"Yaani umekwenda tena?"

"Kavunjika mtulinga, baba. Hawezi hata kujikuna."

"Na gari letu je? Limeikumbatia nguzo kama mtu aliyeonana na nduguye!"

"Gari ni bati tu. Yule ana mama yake mahali."

Mume alichukua kofia yake na kwenda kukaa kizingitini.

Mama Mapazia alijaribu kurudi kazini. Alikalia kigoda chake, akatia uzi kwenye sindano, lakini kila kitambaa alichokishika alikiona kimelala begani mwa mtu. Maisha yake yote alijivunia kwamba kazi yake hairudishwi. Sasa imerudi, imechorwa kwenye kifua cha mtoto wa watu. Mteja wa mapazia ya sebuleni alipofika, alikuta cherehani imefunikwa shuka kama maiti.

"Kwani nani kafa?" mteja akauliza.

"Bado," alijibu Mama Mapazia.

Barua ya wito ilipokuja, hakushangaa. Mgonjwa alikuwa amepata wakili, na wakili alitaka mwenye gari akiri uzembe na abebe gharama zote za matibabu. Mama Mapazia hakuwa na kitu cha kuuza ila cherehani.

"Nitaiuza," alimwambia mumewe. "Na mbele ya wakubwa nitasema ukweli."

"Sema basi ukweli wote," mume akasema. "Usiuchague kama mchele."

Chumba cha usuluhishi kilikuwa kidogo, feni yake ikizunguka bila kuleta upepo. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni. Mgonjwa aliingia na wakili wake, na nyuma yao yule askari, amembebea mfuko wa dawa.

Wakili alisimama. Alisema mteja wake, akiwa mtumiaji wa gari hilo, aliketi kwenye usukani kwa imani kwamba mkanda ni mkanda. Hakuambiwa kwamba ni pazia. Mwenye gari alijua hatari, akanyamaza.

"Mama huyu hana roho mbaya," mgonjwa aliongeza kwa huruma. "Tatizo ni mkanda wake tu."

Msuluhishi alivaa miwani. "Mama, ni kweli uliushona wewe?"

"Ni kweli. Kwa mikono hii."

"Kuna mtu alikushauri kwamba ni salama?"

"Hakuna. Niliuvuta, nikaona umeshika."

"Kama angeendesha bila mkanda kabisa, tungekuwa tumeshamzika!" mume alipiga kelele kutoka kwenye benchi.

"Mzee, zamu yako haijafika." Msuluhishi alimgeukia tena Mama Mapazia, na sauti yake ikalainika, maana hakuzoea kuona mshtakiwa anayejishtaki. "Sikiliza, mama. Kesi hii yote inasimama juu ya jambo moja. Mwenye kitu kibovu akimwonya mtumiaji, mzigo wake unapungua. Asipomwonya, mzigo ni wake. Je, kabla kijana huyu hajaondoka na gari, ulimwonya kuhusu mkanda?"

Wakili alishika kalamu tayari. Mama Mapazia alimtazama mgonjwa, bega lake lililopinda, uso wake uliokonda, na machozi yakamlengalenga.

"Sikumwonya," alisema. "Nilikuwa ndani nashona, cherehani inanguruma, sikusikia kitu. Lakini Mungu ni shahidi yangu, kama angebisha hodi kwanza kabla ya kuvunja kioo cha gari, ningemweleza habari za mkanda ule mwanzo hadi mwisho."