Kifuniko Cheupe

Kifuniko cha chupa kilizunguka, kikazunguka tena, lakini hakikufunguka. Bibi alikaza meno. Nyuma ya kioo kikubwa cha ukutani kulikuwa na watu wakimtazama. Hakuwaona, ila alisikia mmoja akikohoa.

"Polepole, bibi," alisema dada mwenye koti jeupe. Alikuwa na sauti nzuri, na alikuwa amemletea mto wa kuegemea bila kuombwa. "Hapa hakuna bibi anayefeli."

Bibi hakumwamini. Hata daktari wa meno husema hutasikia kitu.

Alijua kilichomleta. Mwanzoni mwa mwaka mjukuu wake, wanayemwita Sumaku kwa jinsi mikono yake inavyonasa kila kitu, alikutwa na kidonge cha bibi cha presha ulimini. Alikitema, Mungu ashukuriwe. Bibi aliapa kwamba chupa aliifunga. Baadaye hakuwa na hakika tena.

Mkwewe, mama wa mtoto, hakugomba. Alikaa sakafuni amemkumbatia Sumaku, macho yamemtoka. Hilo ndilo lililomtisha bibi. Angegomba, yangeisha. Badala yake, kila akitoka kazini kwenye kiwanda cha plastiki (kazi gani bibi hakuwahi kuelewa, ila ndoo hazikukosekana nyumbani), alijifungia chumbani na simu. Siku moja bibi alimsikia kupitia mlangoni.

"Ndiyo, ni mzee. Vidole vimekwisha nguvu. Nitamleta mwenyewe. Na mtoto pia."

Leo asubuhi mkwe alimpigia pasi gauni lake zuri, akamfunga vifungo kimoja kimoja.

"Tunakwenda wapi, mwanangu?"

"Mahali tu, mama. Nikikueleza nitaharibu."

Walipofika, alimshika mtoto mkono, wakatokomea nyuma ya mlango.

Bibi alizijua nyumba za wazee. Jirani yake alipelekwa huko na sanduku moja, na vitanda vilipangwa kama hospitali. Huko Sumaku angefika Jumapili tu, amechanwa nywele kama mgeni. Na usiku nani angemkuna mtoto mgongo mpaka apitiwe na usingizi?

Alibonyeza. Akasukuma. Akakizungusha kwa pindo la gauni, kisha akakiuma kwa jino lililobaki zima. Kiganja kikawa chekundu. Moyo ulimwenda mbio hata akahofia kwamba wale wa nyuma ya kioo wanausikia.

"Nyumbani nafungua, mwanangu," alidanganya. "Ni hii baridi ya humu ndani."

"Basi, bibi. Inatosha." Dada alimfuta jasho kwa leso yake mwenyewe, akageukia mlango. "Mleteni mtoto."

Sumaku aliingia akirukaruka, akapanda mapajani pa bibi. Dada akampa chupa ileile.

"Hebu na wewe tukuone."

Mtoto aliigeuza, akaitikisa, akaigonga mezani, akaikandamiza kwa tumbo huku akiizungusha. Kifuniko kiliruka. Peremende zikamwagika chini.

"Nimeweza! Bibi, wewe umeshindwa?"

Bibi alimkumbatia mtoto kwa nguvu zote zilizobaki mikononi. Imekwisha, alijisemea. Hata huyu wa juzi amenishinda.

Mlango ukafunguliwa. Mkwe aliingia, naye amevaa koti jeupe. Aliokota kifuniko, akakitupa pamoja na chupa kwenye ndoo ya taka, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Chupa gani hii niliyoichorea kiwanda," alisema, "wewe ulale bila dawa, halafu yeye aipate? Imefeli, mama. Nitachora nyingine. Utakuja tena unijaribie?"