Shati la Mshindwa

"Toa shati sasa hivi, Mushinwa! Unangojea nini?"

Mtu alipaza sauti kutoka kwenye benchi, na ukumbi mzima ukacheka. Chen, Mchina pekee ukumbini, hakuinua macho. Alikuwa ameinama juu ya meza ya snuka, fimbo mkononi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Ilibaki mipira mitatu tu: buluu, pinki na nyeusi, yenye pointi tano, sita na saba. Kasereka, bingwa wa Bunia kwa miaka minne, alikuwa mbele kwa pointi kumi na tano. Ili kumpita, Chen alipaswa kuingiza yote mitatu bila kukosa hata mmoja.

Desturi ya klabu ile ilijulikana. Anayeshindwa fainali huvua shati na kuizunguka meza mara tatu huku akizomewa. Wengi wa waliojaa pale hawakujali snuka hata kidogo. Walikuja kumwona Mchina akivuliwa shati.

"Benzake wamemaliza zahabu yote ku mito," Félicien, mwenyekiti wa klabu, alisema kwa sauti iliyosikika na kila mtu. "Sasa wanataka na meza yetu!"

Baba yake Chen aliuza vipuri vya pikipiki kwenye Boulevard, barabara kuu ya mji, na hakuwahi kukanyaga mgodi. Hilo halikumhusu mtu. Wala hakuna aliyetaka kujua kwamba Chen alianza kucheza kwao akiwa na miaka tisa, na kwamba alishinda vikombe viwili kabla baba hajamleta Ituri. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Meza hii ndiyo pekee ya ukubwa ule mjini, na fomu ya mashindano ya Kisangani ilikuwa moja tu kwa kila mji. Akiikosa leo, kazi yake ingekuwa kupima mafuta ya breki dukani mpaka azeeke.

Fomu yenyewe ilikuwa mezani kwa Félicien, tupu, lakini tayari ina saini na muhuri. Aliigonga muhuri asubuhi mbele ya wote kwa majivuno, maana alijua Kasereka hashindwi. "Mushindi atajaza mwenyewe," alitangaza. "Nikishapiga cachet, hata gavana hawezi kubadilisha!"

Mkewe, Mbambu, alikuwa amesimama mlangoni na sahani yake ya fufu. Wanawake hawakuruhusiwa kupita pale.

"Baba Blaise," alimwambia mumewe, "muache mutoto wa watu acheze kwa amani."

"Acha sahani chini, urudi nyumbani. Hapa si pahali pa wamama."

Chen alivuta fimbo nyuma. Papo hapo mtu akapiga chupa kwenye benchi. Chen akasimama, akangoja, akainama tena. Buluu ikaingia.

Kicheko kikapungua. Pinki ilikuwa imebanwa kwenye ukingo, mahali ambapo Kasereka mwenyewe alikuwa ameikosa mara mbili. Chen aliigusa kidogo tu. Ikatambaa, ikafika shimoni, ikatumbukia.

Ikabaki nyeusi. Félicien akainuka, akaenda kusimama nyuma ya shimo lililokuwa jepesi, mikono kifuani, tumbo likigusa meza.

"Président, songa kidogo, tafazali."

"Meza ni yetu. Nasimama pahali nataka."

Chen alimtazama kwa chuki ambayo hakujaribu kuificha. Kisha akageukia shimo la mbali, lile ambalo hakuna mtu mwenye akili angelichagua, akapiga kwa nguvu. Mpira mweusi ulikata meza yote na kuzama.

Hakuna aliyepiga makofi. Kasereka alikuwa mtu wa neno lake, akaanza kufungua vifungo bila kuambiwa. Chen akageuka haraka, akatazama ukuta, na hakugeuka tena mpaka mwenzake alipomaliza mizunguko mitatu na kuvaa.

"Munaona zarau?" mtu akafoka. "Hataki hata kutuangalia!"

Félicien alimtupia kalamu. "Jaza! Na ukosee kitu kimoja tu, Kisangani hawatapokea. Karatasi ingine hakuna."

Chen alijaza taratibu, kwa herufi kubwa. Félicien aliinyakua fomu kabla wino haujakauka. Akapitisha kidole kwenye jina. Akapitisha kwenye tarehe ya kuzaliwa. Kidole kikasimama, na uso wake ukang'aa kwa furaha.

"Kosa! Nilijua!" Akaiinua karatasi juu ili wote waione. "Anaweza kuiba mechi, lakini kujaza fiche hawezi! Hapa ku sexe, wanaume ao wanamuke, munajua ameandika nini? F! F ni ya wanamuke, weye mujinga!"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Hata Kasereka alicheka. Chen alingoja mpaka wa mwisho aliponyamaza, kisha akavua kofia, nywele ndefu zikamshukia mabegani.

"Soma tena, président," alisema. "Sikukosea."