Vibao Vinne vya Njano

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha ofisi. La pili lilivunja meno ya Daktari.

Hakuwa daktari wa kutibu watu, ingawa kila akipita sokoni akina mama walimtania wakimwomba dawa ya mgongo. Alikuwa mtaalamu wa nyuklia, na kwa miaka saba alikuwa akihangaika kuwasha kinu kidogo cha utafiti, ili siku moja umeme uache kukatika ovyo. Kila kibali kilipokaribia, wananchi waliandamana, wakubwa wakaingiwa na woga, kibali kikarudi kabatini. Kinu kilikaa tu, hakijawahi kutiwa hata punje moja ya urani. Watu wazima na akili zao wanaogopa sufuria tupu! Lakini waambie uone.

Safari hii hawakuja na mabango. Walikuja na nondo, mapanga na mafuta ya taa. Walivunja geti, wakamburura Daktari kwa nywele mpaka uani.

Aliyewaongoza alikuwa fundi baiskeli wa mtaa huohuo. Mkononi alishika kibao cha bati, cha njano, chenye ile alama nyeusi ya mionzi.

"Vinne!" alifoka. "Vinne tumevikuta asubuhi hii bondeni, kwenye mashamba yetu. Mwanangu leo siku ya tatu anatapika. Umezika nini kule?"

"Sijazika kitu, kaka yangu," Daktari alisema, damu ikimchuruzika kidevuni. "Sina hata hicho cha kuzika."

Fundi alimpiga nondo ya bega. Mfupa ulisikika ukivunjika, na Daktari akaanguka kifudifudi.

Hapo ndipo mlinzi wa kituo alipojitupa katikati. Walimwita Babu Funguo kwa sababu ya lile rundo la funguo alilotembea nalo kiunoni. Mzee wa watu, magoti yenyewe mabovu, lakini alimlalia Daktari mgongoni akapokea mateke yasiyo yake.

"Si yeye!" alilia. "Haki ya Mungu si yeye! Mwacheni binti wa watu!"

"Kama si yeye, ni nani?"

Babu Funguo alifungua mdomo. Aliitazama nondo, akayatazama mapanga.

"Ninachojua si yeye," akasema.

"Tunakuonea huruma, babu," alisema mama mmoja, akimvuta mkono ainuke. "Vibao vyenyewe vimezunguka shamba lako wewe. Wamekuwekea sumu kwenye viazi vyako na bado unawatetea!"

Daktari aliinua uso. Masikini, alikuwa amepata tumaini.

"Vibao vyetu viko stoo," alisema. "Kumi na viwili, havijawahi kutoka kwenye boksi, maana hatujawahi kuwa na kitu cha kuviwekea. Nendeni mkahesabu wenyewe. Kikipungua hata kimoja, nifanyeni mnavyotaka."

Umati ukatulia. Hata fundi alishusha nondo.

"Babu, wafungulie."

"Ufunguo wa stoo sina," alisema Babu Funguo. "Umepotea."

"Si huo hapo kiunoni, wenye uzi mwekundu? Wape tu, babu yangu. Usihofu kwa ajili yangu."

Mzee alibabaika na lile rundo, hadi fundi akachoka kusubiri akalikwapua. Stoo ikafunguliwa. Wakalitoa boksi, wakalipasua uani mbele ya kila mtu, wakaanza kuhesabu kwa sauti kama watoto wa shule.

Waliishia vinane.

"Haiwezekani," Daktari alisema. Hawakumpa nafasi ya kusema zaidi.

Sina moyo wa kusimulia yote yaliyofanyika pale. Nondo zilipanda zikashuka. Kuna aliyempiga kwa kiatu, kuna aliyempiga kwa tofali, na fundi mwenyewe alimpiga kwa kibao, kwa ule ukingo wa bati, mpaka bati likapinda. Watu hao asubuhi walikuwa wakisalimiana vizuri tu dukani! Babu Funguo alipigwa teke la kichwa akiwa ameng'ang'ania mguu wa Daktari. Alipozinduka alikuwa bado ameushika, na mguu ulikuwa umeshapoa. Jengo la kinu lilikuwa linaungua, na watu wanashangilia.

Saa kumi redio ilitangaza kwamba utafiti wa nyuklia umefungwa moja kwa moja, kwa ajili ya usalama wa wananchi.

Babu Funguo alijikokota mpaka nyumbani. Alikaa kitandani na nguo zake zenye damu, akalia kwa kwikwi kama mtu aliyezika mtoto wake wa kumzaa. Majirani walimsikia, wakasema huyu mzee ana roho nzuri mno.

Jua lilikuwa bado halijazama mkewe aliporudi. Siku mbili alikuwa kwa dada yake ng'ambo ya bonde, na njiani alikuwa amepitia shambani. Alitua kapu mlangoni, akaanza kulalamika hata kabla hajaingia ndani.

"Mzee wangu, watu wa hapa hawana haya! Vile vibao vyako wameving'oa vyote. Tangu uvisimike juzi hakuna mwizi aliyethubutu kugusa kiazi, na sasa si watatumaliza? Kesho ukienda kazini, mwombe tena Daktari wako akupe vingine vinne."