Mikono Arobaini

Mikono arobaini ilikuwa juu, na Malkia alikuwa anaihesabu kwa mara ya pili. Mkono wake mwenyewe alikuwa ameuinua pia, tena juu kuliko yote.

"Kesho ni hivihivi," akasema. "Mwalimu akigawa karatasi, mnaandika jina langu. Atakayenigeuka nitamjua."

Lilikuwa darasa la wasichana arobaini, na uchaguzi ulikuwa wa kiranja. Malkia ndiye aliyeamua nani ana nywele nzuri, nani anacheka vibaya na nani asisemeshwe hadi Ijumaa. Hata Kobe, aliyeketi nyuma kabisa, alikuwa amenyoosha mkono. Walimwita Kobe kwa sababu ya begi lake kubwa na mwendo wake wa taratibu. Asingenyoosha, angekiona cha mtema kuni.

Aliyesimama kulia kwa Malkia aliitwa Kivuli, na kazi yake ilikuwa kuwa wa kwanza kucheka. Wiki iliyopita alikuwa ametumwa kurusha kiatu kimoja cha Kobe juu ya paa la maabara. Akakirusha. Kobe akashinda siku nzima na soksi chini, wala hakumshtaki kwa yeyote. Tangu hapo Kivuli alikuwa akipita njia ndefu ili asikutane naye.

Si kwamba alimchukia Malkia. Asubuhi hiyohiyo, kabla ya mikono kunyooshwa, alikuwa amemkuta chooni peke yake, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, viatu vyake vipya pembeni, anasugua vidole vilivyochubuka.

"Vinabana?" akamuuliza.

"Vinaua. Na nimeamka saa kumi alfajiri kunyoosha hizi nywele." Malkia akashusha pumzi. "Kobe ana raha zake, unajua. Hakuna anayemwangalia."

"Si uviache tu?"

"Halafu watu waseme nini?"

Akavivaa tena, akajitazama kwenye kioo, akatoka anatabasamu.

Kesho yake mwalimu alichana daftari, akagawa vipande, akaweka boksi tupu la chaki mezani. Kivuli aliifunika karatasi yake kwa kiwiko. Alijua vizuri yatakayompata: ikionekana kura moja tu ya Kobe, Malkia angeanza msako, na kabla ya Ijumaa kiatu cha juu ya paa kingekuwa chake yeye. Hata hivyo akaandika "Kobe", kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane, akaikunja karatasi mara nne.

Mwalimu akafungua ya kwanza. "Kobe," akasoma.

Kivuli akafumba macho. Basi, yamekwisha.

"Kobe," mwalimu akasoma tena. "Kobe. Kobe." Akainua kichwa. "Mbona leo mmeandika kama mliovunjika mikono? Na huyu Kobe ndiye nani?"

Walikuwa wamesoma naye miaka miwili, na hakukuwa na hata mmoja aliyejisumbua kulijua jina lake. Mwishowe mwenyewe akanyoosha mkono kule nyuma, polepole, kama anayekiri kosa.

Mwalimu akamaliza kuhesabu. "Thelathini na tisa, Kobe. Moja, Malkia."

Darasa zima likainamia madaftari. Jana walinyoosha mikono wote, na leo kila mmoja alikuwa amejidhani ndiye msaliti peke yake. Ile kura moja hakuna aliyehitaji kuuliza imetoka kwa nani, maana mtu hujipigia mwenyewe. Kivuli alitaka kucheka, ila kwa mara ya kwanza hakujua acheke upande gani.

Kobe aliitwa mbele akabidhiwe beji. Alipofika kwenye dawati la Malkia akasimama, begi mgongoni.

"Usinikasirikie, mwenzangu," akasema. "Mimi nilikuandika wewe, kama ulivyoagiza."

Kivuli akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, kisha akageuka taratibu pamoja na darasa zima. Chini ya dawati, Malkia alikuwa ameshavua viatu.