Kwenye S Hadi Karurumo

Pikapu nyeupe ilitokea kwenye kioo walipokuwa wameipita Igoji, na Kinya akajua kwamba Anko Mutuma ameamka.

Simu ikalia. Aliiweka kwenye spika bila kutoa macho barabarani.

“Kinya, geuza hiyo gari. Hakuna harusi leo.”

“Tumeshaondoka, anko. Kanisa limejaa watu.”

“Wacha lijae. Nilisema huyo Njoka hataoa kwetu. Anataka shamba letu la kahawa, si kingine! Watu wa Githongo watatucheka mpaka lini?” Akashusha sauti. “Nipe mama.”

Kinya akamtazama bibi yake, cucu Ciakuthii, aliyeketi kando yake na kofia ya rangi ya krimu kichwani na mkoba mapajani. Bibi akatikisa kichwa.

“Amekataa,” Kinya akasema, akakata simu.

Mbele yao lori lililojaa viazi vya Kibirichia lilikuwa likipanda mlima huku likinguruma. Kinya alikanyaga mafuta. Gari likafikiri kwanza, kisha likasogea kivivu, na nafasi ya kupita ikapotea. Kwenye kioo pikapu ilikuwa imekua.

“Hiyo S ni ya nini?” Bibi aliuliza, kidole kikielekea kwenye gia, chini ya D.

“Ni ya spoti, cucu. Gari inakuwa kali. Lakini aliyeniuzia alisema inakunywa mafuta, niiwache.”

“Basi ikunywe.”

Miezi minane Kinya alikuwa na gari hilo, akienda nalo kazini hospitalini Meru na kurudi, na hata siku moja hakuwa ameigusa S. Alingoja barabara inyooke, akahakikisha hakuna gari linalokuja, akavuta gia.

Injini ilipaza sauti kabla hajakanyaga vizuri. Alipokanyaga, gari halikufikiri tena. Liliruka. Viazi vikapita dirishani gunia baada ya gunia, mpaka lori zima likabaki nyuma, na pikapu nyuma ya lori.

Bibi alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Kinya alidhani ameogopa, kumbe alikuwa anacheka mpaka machozi.

“Hakuna ingine ya kupita?”

“Cucu!”

Kwenye miteremko ya kuelekea Nithi Kinya aligundua jambo jingine. Kwenye S gia haikukimbilia juu. Injini yenyewe ililishika gari, na mguu wake ukapata kupumzika bila kukanyaga breki kila mara. Hata hivyo alishuka polepole. Mahali pale ajali zimeua wengi, watu hawafanyi mchezo. Bibi aliacha kucheka, akaomba kimya hadi walipovuka daraja.

Walipoanza kupanda tena, alisema, “Njoka ni mtu mzuri. Anachekesha. Mtu akila peke yake kila siku, hata githeri inakosa ladha.”

“Mimi nilimkubali siku ya kwanza,” Kinya akasema.

“Najua. Ndiyo maana niko kwa gari yako na si ya wengine.” Bibi akageukia dirisha. “Mutuma si mtu mbaya. Anaogopa tu.”

Walipopita Chuka, askari wa trafiki aliwainulia mkono. Kinya akateremsha kioo.

“Madam, unakimbilia wapi hivyo?”

“Tunaenda harusi, kijana yangu,” Bibi akadakia. “Saa nne Karurumo. Tumechelewa.”

“Na bibi harusi yuko wapi?”

“Si unamwona hapa?”

Askari akainama, akamtazama Kinya aliyeshika usukani kwa nguvu, akaanza kutabasamu. “Siku hizi mnajiendesha wenyewe? Haki, Meru imeendelea!”

Kinya akafungua mdomo. Bibi akamfinya paja.

“Haya, nendeni. Lakini polepole.”

“Asante, afande,” Bibi akasema kwa upole wa mama wa kanisa. “Na kuna pikapu nyeupe inatufuata tangu Igoji. Dereva ana hasira sana. Hebu ongea na yeye.”

Walipoondoka, Kinya aliona kwenye kioo askari akisimama katikati ya barabara, mkono juu, na pikapu ikipiga breki.

“Cucu, hiyo ni dhambi.”

“Nimedanganya wapi?”

Karibu na Runyenjes waliiacha barabara kuu, wakafuata vumbi jekundu. Waliingia Karurumo ikiwa saa nne kasoro dakika mbili. Wanawake wa kwaya waliwapokea mlangoni kwa vigelegele, na kabla Kinya hajazima injini vizuri, walikuwa wameshaingizwa ndani.

Njoka alikuwa amesimama mbele, suti imemkaa kidogo kubwa. Alipowaona alitoa leso, akapangusa uso, akasahau kuirudisha mfukoni.

Mchungaji aliomba, akafungua kitabu, akawaita maharusi wasogee, akauliza kama kuna yeyote anayejua sababu ya watu hawa wawili kutooana.

Breki zililia nje. Mlango ukafunguka kwa kishindo na Anko Mutuma akaingia, jasho likimtiririka kwenye ndevu zenye mvi, karatasi ya faini mkononi.

“Simamisha, pasta!”

Kanisa zima likageuka. Mchungaji akashusha miwani.

“Na wewe ni nani wa bibi harusi?”

Mutuma akatazama viatu vyake.

“Mimi ndiye kifungua mimba wake.”