Nyegere Mtetezi wa Moshi

Chuo cha wanyama kiliitisha mdahalo: sigara zipigwe marufuku au ziachwe? Nyuki, waliokaa kwenye mzinga nyuma ya bweni, walitaka zipigwe marufuku. Tumbili, mvutaji sugu, alisimama kujitetea, lakini kikohozi hakikumpa nafasi.

Ndipo Nyegere akapanda jukwaani, suti imemkaa.

"Ndugu wanachuo! Leo mnamnyang'anya Tumbili sigara yake, kesho mtamnyang'anya nani? Chuo ni uhuru!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Hata nyuki waliona aibu kuonekana wakandamizaji, wakapiga kura ya uhuru. Wavutaji wakatengewa sehemu yao, na Nyegere mwenyewe ndiye aliyeichagua: chini ya mzinga.

Jioni ile ile Tumbili na wenzake waliwasha. Moshi ulipanda, nyuki wakalewa, wakaukimbia mzinga. Nyegere akatokea na ndoo.

"Karibu sigara, kaka Nyegere," Tumbili akamwambia kwa shukrani. "Wewe ndiye mtetezi wetu."

Nyegere alikuwa akilamba vidole. "Hebu niondolee uchafu huo," akasema. "Unaniharibia ladha ya asali."